Kumzuru mgonjwa wa saratani ya damu kusiishie kitandani

KUMZURU mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, na katika hilo Waislamu wa Mbeya na Iringa hawahitaji kukumbushwa. Ikitangazwa msikitini baada ya swala kwamba fulani amelazwa, jioni ile ile wodi hujaa. Lakini yupo mgonjwa ambaye wingi wetu kitandani kwake unaweza kumdhuru, na uchache wetu penginepo humdhuru zaidi. Huyo ni mgonjwa wa saratani kali ya damu.

Maradhi haya huanzia katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe changa zisizokomaa huongezeka kwa kasi na kuzisonga chembe njema. Katika majuma machache mgonjwa huishiwa damu na nguvu, hushikwa na homa zisizokwisha, hutokwa na damu puani na kwenye fizi, na mwilini hutokea michubuko bila ya kupigwa. Kwa kuwa homa kwetu imezoeleka kuitwa malaria, wengi hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza na ya pili, na wengine hupelekwa kwa waganga kupungwa mashetani. Siku zinazopotea hapo hazirudi. Homa isiyosikia dawa, ikifuatana na kutokwa na damu, haina budi kupelekwa hospitali damu ikapimwe bila ya kuchelewa.

Ieleweke kuwa maradhi haya si hukumu ya kifo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 8 katika kila 10 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi masikini hawafiki 3. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikisha angalau 6 katika kila 10 ifikapo mwaka 2030, na saratani kali ya damu inayowapata watoto zaidi imo katika zile zilizopewa kipaumbele. Miongoni mwa sababu za tofauti hiyo ni kuchelewa kutambua maradhi, na familia kuiacha tiba njiani.

Hilo la pili ndilo linalotugusa sisi. Tiba ya mtoto huchukua miaka 2 hadi 3, na wapo wanaolazimika kuifuata Dar es Salaam. Kutoka Iringa ni kiasi cha kilomita 500, na kutoka Mbeya zaidi ya 800. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha, huwatibu watoto wenye saratani bila ya malipo. Lakini nauli ya basi haimo katika tiba, wala chakula cha watoto waliobaki nyumbani, wala palizi ya shamba ambalo mama yao amelikimbia. Mtoto akipata nafuu, nywele zikaota, mzazi aliyekwisha kuuza gunia la mwisho la mahindi hujiambia kuwa sasa amepona. Nafuu hiyo siyo kupona. Maradhi yaliyoachiwa njiani hurudi, na yakirudi huwa magumu zaidi kutibika.

Jambo jingine ni damu. Dawa za saratani huvunja chembe mbaya na njema pamoja, hivyo mgonjwa huongezewa damu mara kwa mara. Chembe sahani, zinazozuia mtu kutokwa na damu, hudumu kiasi cha siku 5 tu tangu zitolewe. Kwa hiyo damu haitolewi mara moja ikatosha. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kipo Mbeya, na kama ilivyo nchini kote, wachangiaji wake wengi ni wanafunzi. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa damu kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mwezi wa Ramadhani usitupite tukiwa tumeacha pengo: tutoe kabla haujaingia, au usiku baada ya kufuturu.

Nyumbani nako pana adabu zake. Kinga ya mgonjwa huyu imeshuka, kwa hiyo tuingie wachache, mikono imenawiwa, na mwenye mafua atume salamu. Maji anywe yaliyochemshwa, na matunda yaoshwe vema. Tusimlilie mtoto mbele yake. Daktari akiruhusu, arudi shule na madrasa, kwani anataka kuishi kama wenzake, si kuhesabiwa siku. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga. Tusimtie unyonge kwa hilo. Wala asiambiwe kuwa kuvumilia maumivu ndiyo imani. Dawa za kutuliza maumivu, ikiwamo morfini ya kunywa, ni sehemu ya tiba. Hata pale dawa za saratani zinapokuwa hazifai tena, haki yake ya kulala bila ya maumivu, akiwa na watu wake, haijafutika.

Ni rai yetu kwa maimamu na kamati za misikiti ya Mbeya na Iringa kuteua Ijumaa moja kila baada ya miezi 3 kwa ajili ya kuchangia damu, na kuweka mfuko mdogo wa nauli kwa familia zenye mgonjwa anayetibiwa mbali. Akina mama waliozoea kupika msibani wawapikie pia watoto walioachwa na mama aliyekwenda kuuguza. Jirani mwenye jembe amlimie aliye hospitali. Huko nako ni kumzuru mgonjwa.

Wabillahi Tawfiiq.