Ghorofa Mpya Zioane na Mji wa Kale

Ghorofa yoyote mpya ya makazi kandokando ya Mji wa Kale wa Mombasa isipewe kibali mpaka mchoro wake uoane na mtaa.

Nyumba za hapa zimesogeleana ili vichochoro vipate kivuli na upepo wa bahari upenye. Jengo refu la vioo huziba upepo huo na kuwarudishia majirani joto.

Makazi yanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini kubandika mlango wa nakshi kwenye ukuta wa zege hakutoshi. Chini pawe na baraza na maduka, si ukuta wa maegesho. Orofa za juu zirudishwe nyuma, zisiuelemee mtaa.

Ngome ya Fort Jesus, iliyo kando ya Mji huu wa Kale, ni urithi wa dunia tangu 2011. Kwa hiyo wanaotoa vibali waikague michoro kabla msingi haujachimbwa, na waiweke hadharani wakazi waione.