Urafiki Uliolipiwa kwa Nchi ya Watu

Tumeambiwa mara nyingi kwamba tangu Vita Kuu ya Pili Marekani na Uingereza ni marafiki wa kufa na kuzikana. Sisi hatugombi na urafiki wa mtu. Twauliza neno moja tu: gharama yake alilipa nani?

Jibu liko Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1965 Waingereza waliimega Mauritius na kuvitwaa visiwa vya Chagos, miaka mitatu kabla nchi hiyo haijapata uhuru. Tarehe 30 Desemba 1966 wakabadilishana hati na Wamarekani: visiwa vitumike kwa ulinzi miaka 50, kisha 20 tena, bila malipo. Hivyo ndivyo walivyotangaza. Kwa siri, Marekani iliwasamehe Waingereza dola milioni 14 za gharama za makombora ya Polaris. Hiyo ilikuwa biashara ya gizani, na wenye mali hawakuitwa.

Wenye mali walikuwa watu kati ya 1,500 na 2,000, wajukuu wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, waliozaliwa visiwani na kuishi kwa kazi ya mbata. Wakubwa wa London waliyajua hayo, lakini wakaandikiana kwamba hao ni vibarua wa kupita, ili Umoja wa Mataifa usihoji. Kufikia mwaka 1973 wote walikuwa wameondolewa. Mbwa wao waliuawa. Wenyewe wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa!

Wako watakaosema hayo yamekwisha, maana mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitaka Uingereza iondoke upesi, na tarehe 22 Mei 2025 Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa. Tusidanganyike. Mkataba huo huo uliiachia kambi ya Diego Garcia miaka 99, na Wachagos wenyewe hawakupewa kiti mezani.

Hapa pana fundisho. Mdogo akitaka kumpendeza mkubwa, humtafuta aliye mdogo zaidi akamtoa. Basi tuwe na marafiki, lakini tusiweke watu rehani. Nasi twadai Wachagos warudi kwao, na Diego Garcia ikiwamo.

Ardhi ni ya wenyewe!