Ukifika Pwani, Vuka Hadi Wasini

Shule zinapofungwa mwisho wa mwaka, mabasi ya usiku ya kutoka Bungoma hujaa pomoni. Miongoni mwa abiria zimo familia za Kabuchai zinazoelekea Nairobi kupanda treni ya Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na wengi wakishafika huishia ufuo wa umma wa Bamburi: kupanda ngamia, kupiga picha, kukanyaga maji ya chumvi, kisha kurudi nyumbani.

Ufuo si mbaya. Lakini familia iliyojinyima mwaka mzima ili ione pwani inastahili zaidi ya mchanga, na hayo zaidi yako visiwani.

Mombasa yenyewe ni kisiwa. Asubuhi moja inatosha kuzunguka Fort Jesus, ngome ya mawe ya matumbawe waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kisha kupita kwa miguu katika vichochoro vya Mji wa Kale. Mtoto wa Kibukusu kutoka Bungoma aliyesimuliwa vita vya Chetambe vya 1895 kati ya Wabukusu na Waingereza ataitazama ngome hiyo kwa jicho la pekee, kwa kuwa babu zake nao walijenga ngome, zao zikiwa za kuta za udongo na mahandaki.

Baada ya hapo, familia ivuke kivuko cha Likoni, ambako mtembea kwa miguu halipi, ishike barabara ya Lunga Lunga hadi Kanana, kisha ikate kushoto kwenda Shimoni. Ng'ambo ya mlango wa bahari kiko kisiwa cha Wasini.

Kisiwa hiki hakina magari. Wenyeji wa kijiji cha Wasini ni Wavumba, na ni Waislamu, hivyo mgeni huvaa nguo za kumsitiri apitapo kijijini. Nyuma ya nyumba kuna bustani ya matumbawe ya kale, miamba mirefu iliyochongwa na bahari, na kati yake kikundi cha wanawake wa Wasini kimejenga njia ya mbao inayoendelea hadi kwenye mikoko. Maji ya bamvua hurudi kuifunika sakafu ya bustani hiyo. Kiingilio huenda kwa kikundi chenyewe, na hiyo ni sababu tosha ya kukilipa kwa moyo mkunjufu.

Boti zikitoka hapo huelekea Kisite-Mpunguti, eneo la bahari linalosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa Kisite uvuvi umepigwa marufuku. Mpunguti wavuvi wanaruhusiwa kutumia mbinu za jadi. Matokeo ya ulinzi huo huonekana kwa macho: pomboo, kasa, na samaki wa kila rangi juu ya matumbawe. Asiyejua kuogelea havunjwi moyo. Avae jaketi okozi, ashike boya, atazame chini kwa miwani na mrija wa kupumulia.

Likizo ya Desemba inaangukia msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, mawimbi huwa makubwa. Manahodha nao waambiwe mapema kwamba wageni hawataki pomboo wafukuzwe, na watoto waonywe wasikanyage matumbawe wala kuokota makombe.

Mkulima wa Chwele, huko Kabuchai, atakuwa na maswali mengi Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako akina mama hulima mwani. Hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, huvitandaza baharini, huvuna maji yakitoka, kisha huanika na kuuza. Ni kilimo chenye msimu, magonjwa na bei za kubishania kama mahindi ya Bungoma.

Gharama ipo, na boti ndiyo hula fedha nyingi. Kwa hiyo watu wasafiri kwa kikundi, wapatane bei kabla ya kupanda, na ada ya hifadhi ilipwe kupitia eCitizen.

Walimu wakuu wa Kabuchai wanaopanga ziara za pwani wanaweza kuanza mabadiliko haya. Siku moja ya ufukweni ipunguzwe katika ratiba, Wasini iwekwe mahali pake, na wanafunzi wapewe madaftari ya kuandika wanachoelezwa na manahodha, wavuvi na wakulima wa mwani.