Bampa linang'aa, lakini gari lina umri gani?
Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, hivyo mengi yanayotoka Japani hufika Mombasa yakikaribia umri huo. Plastiki nyeusi za bampa na pembeni mwa milango mara nyingi zimeshapauka kwa jua.

Yadini dawa ni rahisi: zinapakwa silikoni, gari linang'aa kama jipya. Mvua zikinyesha mara kadhaa, kijivu kinarudi. Rangi hudumu zaidi, lakini fundi akiruka praima ya plastiki, inabanduka.

Kulipendezesha gari si kosa. Shida ni mnunuzi kuuziwa mng'ao kwa bei ya uzima. Pangusa bampa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na mafuta, mng'ao huo ni wa leo. Umri hutafutwa kwa namba ya chesisi.