Afya: « Otofaji » si dawa ya kansa. Neno hili lilitoka wapi?

Tangu Yoshinori Ohsumi wa Japani apewe Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016, ujumbe mmoja haukomi kuzunguka kwenye WhatsApp na Facebook: mtu akifunga chakula siku kadhaa, mwili unakula seli zenye ugonjwa na kansa inaisha. Neno linalotajwa ni « otofaji ». Lakini maana yake si hiyo.

Neno hili, autophagie kwa Kifaransa, linatoka katika Kigiriki: auto ni mwenyewe, phagein ni kula. Huko Ufaransa, Anselmier alilitumia tangu 1859 akiandika juu ya kukosa chakula. Maana ya leo ilitolewa na Mbelgiji Christian de Duve, kwenye mkutano wa London mwaka 1963. Mwaka 1955, kikundi chake cha Louvain kilikuwa kimetangaza lizosomu, kifuko kidogo kinachomeng'enya takataka ndani ya seli.

Kwa hiyo, kinacholiwa si seli nzima yenye ugonjwa. Ni vipande vilivyochakaa ndani yake. Seli inavifunga katika utando mwembamba, inavipeleka kwenye lizosomu, kisha inatumia tena kilichobaki, kama fundi anayevunja kiti cha zamani ili mbao zake zifanye kazi nyingine.

Ohsumi alichunguza hamira, ile ya kuokea mkate. Aliinyima chakula, akaangalia kwa darubini, kisha akatafuta jeni zinazoongoza kazi hiyo. Hakujaribu kufungisha wagonjwa. Tena, seli za kansa nazo zinaweza kutumia otofaji ili ziishi chakula kinapopungua. Njia inayolinda mwili inaweza pia kumlinda adui.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini anaweza kuzimia sukari ikishuka. Mwenye kifua kikuu anahitaji kula vizuri wakati anameza dawa. Na mashariki mwa RDC, ambako familia nyingi zilizokimbia vita hazipati chakula cha kutosha, kuita njaa dawa ni kuwadanganya watu.

Anayefunga kwa ajili ya imani yake ana sababu zake. Anayetaka kuacha dawa kwa sababu ya ujumbe wa simu, kwanza aulize kwenye kituo cha afya.