Nafasi ya Mkutubi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwezi Juni 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, mtu mwenye afya njema aliyejitolea kushiriki utafiti kuhusu pumu alifariki dunia baada ya kuvuta dawa iitwayo heksamethoniamu. Usalama wa dawa hiyo ulikuwa umechunguzwa, lakini hifadhidata ya PubMed iliyotegemewa wakati huo iliishia nyuma mwaka 1966. Makala zilizoonya juu ya madhara yake kwa mapafu zilichapishwa miaka ya 1950. Onyo lilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kujua pa kulitafuta.

Kisa hicho kinaihusu Moshi. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971, tatizo la maktaba za tiba nchini lilikuwa uhaba, na kazi ya mkutubi ilikuwa kupokea vitabu, kuviorodhesha, kuviazimisha na kuvitunza. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua Hinari, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma maelfu ya majarida bure au kwa gharama nafuu. Tangu hapo tatizo limegeuka: machapisho ni mengi kuliko muda wa kuyasoma.

Wapo wanaodai kwamba simu ya mkononi imemwondolea mkutubi kazi. Hoja hiyo ni dhaifu. Tabibu wa zahanati huko Rombo, akitaka kujua kama mjamzito mwenye kifafa aendelee kumeza valproate, atapata majibu mengi kwa dakika moja. Ndani yake zimo makala zilizopitwa na wakati, zilizofutwa na wachapishaji, na za majarida ya ulaghai yanayotoza waandishi ada bila kuzihakiki kazi zao. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumletea mama degedege la hatari. Jibu la kubahatisha halifai.

Kuchambua wingi huo ni taaluma, na taaluma hufundishwa. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, huwapa watumishi msingi wa kazi. Maktaba ya tiba inadai nyongeza: istilahi zinazotumika kupangia makala za kitabibu, aina za tafiti na uzito wa ushahidi wake, na mbinu za kuwafundisha wengine. Ujuzi huo haukamiliki katika semina ya siku mbili. Hukomaa pale mkutubi anapokaa katika kikao cha asubuhi cha madaktari, akasikia maswali yakizaliwa, na kurejea na majibu yaliyohakikiwa.

Hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya. Kila pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uzamili lipitiwe na mkutubi kabla ya kufika mbele ya kamati ya maadili, na jina lake liandikwe kama mhakiki wa utafutaji wa machapisho. Hilo litaulazimu uongozi kutenga fedha za kumsomesha, na litawalazimu madaktari kukiri kwamba kutafuta nako kuna mabingwa wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na katika tiba, asiyeinama humwachia mgonjwa alipe.