UCHAMBUZI: Wino wa printa usiopimiwa joto la Modogashe

KADIRI huduma za serikali zinavyohamia kwenye intaneti, ndivyo kazi ya kuchapisha karatasi inavyozidi kuwaangukia wananchi wenyewe. Karatasi ambazo zamani zilifika mashinani zikiwa tayari, leo hutolewa katika printa ndogo za shule, ofisi za chifu na vibanda vya intaneti.

Juni 2023, Rais William Ruto alizindua huduma takriban 5,000 za serikali katika mtandao wa eCitizen. Katika elimu, chini ya mtaala wa umilisi, walimu wakuu wa shule za msingi hupakua karatasi za tathmini za shuleni kutoka kwa mtandao wa Baraza la Mitihani, KNEC, kisha huzichapisha kwa ajili ya wanafunzi wao.

Mabadiliko haya yana uzito wa kipekee Modogashe, mji ulio kwenye mpaka wa kaunti za Garissa na Isiolo. Kwa miongo mingi wakazi wa kaskazini mwa Kenya walilazimika kupigwa msasa zaidi ya Wakenya wengine kabla ya kupewa vitambulisho. Rais alifuta utaratibu huo Februari 2025 akiwa Wajir. Hata hivyo, anayeomba kitambulisho bado huhitaji nakala za stakabadhi, na nakala isiyosomeka haimfai mwombaji.

Ndiposa suala la wino wa unga, yaani tona, si la mafundi pekee.

Printa za leza na mashine za kunakili hazitumii wino wa majimaji. Hutegemea umeme tuli, njia iliyobuniwa na Chester Carlson jijini New York mwaka wa 1938. Ndani ya mashine mna ngoma iliyotiwa chaji ya umeme. Mwanga hufuta chaji hiyo mahali penye maandishi, na chembe za tona, ambazo nazo zina chaji, hurukia hapo. Hatimaye chembe hizo huhamia kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto ili zigande.

Chembe hupata chaji kwa kusuguana na sehemu za mashine, mithili ya kitana kinavyonasa vipande vya karatasi baada ya kupitishwa kwenye nywele kavu. Ubora wa maandishi hutegemea chaji hiyo kutopanda wala kushuka kupita kiasi.

Hapo ndipo hali ya hewa inapoingilia. Wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu, chaji huweza kupanda mno. Chembe hung'ang'ania mashine badala ya kuhamia kwenye ngoma, na maandishi hutoka yamefifia. Mvua zinaponyesha, unyevu huiba chaji hiyo. Chembe hutawanyika ovyo na karatasi hutoka ikiwa na vumbi la kijivu. Mchoro wa mmea katika karatasi ya tathmini huweza kupotea katika vumbi hilo, na mtoto akakosa alama kwa kosa lisilo lake.

Joto nalo lina madhara yake. Tona nyingi huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, kiwango kinachoweza kufikiwa ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani. Chembe zikishashikana, haziwezi tena kupata chaji sawa.

Wanasayansi wamepiga hatua kubwa katika kutatua matatizo haya. Ndani ya tona hutiwa kemikali za kudhibiti chaji. Juu ya chembe hupakwa unga laini wa silika uliotibiwa ili usinyonye maji. Badala ya kusaga plastiki, baadhi ya viwanda sasa hukuza chembe kwa kemikali hadi zilingane kwa ukubwa, na nyingine huvikwa ganda gumu juu ya kiini laini ili zistahimili joto ghalani.

Utafiti huo haujakamilika. Kwa miaka mingi titani dioksidi ilitumiwa kutuliza chaji pale unyevu unapobadilika. Umoja wa Ulaya ulipoiorodhesha mwaka wa 2020, ikiwa katika hali ya unga, miongoni mwa vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani, watengenezaji walianza kusaka mbadala. Uorodheshaji huo ulibatilishwa na mahakama ya Umoja huo mwaka wa 2022, na rufaa dhidi ya uamuzi huo ikatupwa Agosti 2025.

Tatizo ni kwamba mnunuzi wa mashinani haambiwi lolote kati ya haya. Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la katriji hupimwa, kwa kanuni za kimataifa, katika chumba chenye nyuzi takriban 23. Printa nyingi za ofisini zimeidhinishwa kufanya kazi hadi nyuzi 32 hivi. Katika Kaunti ya Garissa, joto la mchana kwa kawaida hupita nyuzi 33.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 huruhusu zabuni kutolewa kwa aliyetoa bei ya chini kabisa miongoni mwa waliotimiza masharti. Basi masharti yenyewe ndiyo yafaayo kurekebishwa. Wizara ya Elimu na serikali za kaunti zinaweza kudai tona na printa zinazohimili joto na mabadiliko ya unyevu, na kutaka sampuli zijaribiwe Garissa kabla ya malipo. Shule nazo zinaweza kuhifadhi katriji kivulini, zikiwa ndani ya mifuko yake hadi siku ya kutumiwa.

Hatua hizo zitaongeza gharama kidogo. Lakini rahisi huvunja upishi: katriji ya bei ya chini inayolazimisha karatasi kuchapishwa mara mbili haijaokoa chochote, na atakayelipia zaidi ni mwanafunzi wa Modogashe aliyeshindwa kuusoma mtihani wake.